Skuta yangu ya kwanza: Kahawa Wendani hadi Upper Hill

Huu ni mwezi wa nne naenda kazini kwa skuta ya cc 110, na gari limebaki la safari za Jumapili na watoto. Kutoka nyumbani Kahawa Wendani hadi ofisini Upper Hill, jijini Nairobi, kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Gari lilikuwa likinywa lita 4 kwa siku. Skuta haimalizi lita moja.

Nusura ninunue pikipiki ya kawaida, kama zile za bodaboda. Lakini mimi huvaa sketi kazini, na skuta ina nafasi bapa mbele ya kuweka miguu pamoja. Haina klachi ya kubana kwa mkono wala gia za kubadilisha, kwa hiyo foleni ya Pangani hainichoshi mkono hata kidogo. Viatu vya ofisini na chakula cha mchana vinaingia chini ya kiti.

Shida ni magurudumu. Ni madogo, na shimo ambalo pikipiki hulivuka hivi hivi, skuta inalihisi hadi mgongoni. Lori likikupita kasi Thika Road, upepo wake unakusukuma kweli. Mimi hubaki barabara ya kando, hata nikichelewa.

Jambo ambalo muuzaji hakuniambia: gurudumu la nyuma la skuta huzungushwa kwa mkanda wa mpira badala ya mnyororo, na mkanda huisha. Fundi wa mtaani kwetu hakuwa nao, nikautafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road asubuhi nzima. Uliza bei ya mkanda kabla hujalipa. Na leseni ya gari haitoshi, dada yangu. Pitia darasa la pikipiki kwanza.