Uzoefu wangu na seti ya kutibu tangi la mafuta la pikapu ya zamani: chupa mbili safi, ya tatu ina masharti

Seti yenyewe ni ile ya chupa tatu: sabuni kali ya kuondoa gundi ya petroli iliyooza, tindikali ya fosfori ya kula kutu, na rangi ya fedha ya kupaka ndani ya tangi. Nimeitumia kwenye pikapu za kabureta, hasa Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, ambazo tangi lake limekaa ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Kwa gari kama hilo, tangi likivuja hupotezi mafuta tu, unavuta mvuke wake safari nzima. Chupa mbili za mwanzo nazipa alama zote. Ya tatu inategemea sana ukavu wa tangi, na hapo ndipo karatasi ya maelekezo inapopita haraka mno.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, kumbuka kuwa tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Usilisogezee drili, grainda wala taa ya kuchomeka ukutani. Toa senda ya geji (kifaa kinachopima kiwango cha mafuta ndani ya tangi), na usiirudishe kama kizibo wakati wa kazi. Tindikali itakula waya wake mwembamba. Ziba tundu lake kwa bamba la plastiki nene na gasketi. Utepe wa kawaida haufai, gundi yake inayeyuka.

Sabuni huchanganywa na maji ya moto kwa kiasi sawa. Ingiza na mnyororo wa kama mita moja na nusu, ncha yake ikiwa imefungwa waya unaobaki nje. Wanaotumia nati zisizofungwa huishia kuzitafuta nyuma ya kuta za ndani zinazozuia mafuta kuyumba. Tingisha, geuza kila upande, mwaga, rudia hadi maji yatoke bila harufu ya petroli. Maji yakitawanyika kwenye bati kama utando, pamesafika. Yakijikusanya matone, bado pana mafuta. Uchafu unaotoka usiumwage mtaroni: matangi mengi ya zamani yalipakwa mchanganyiko wa madini ya risasi na bati, na uchafu huo unatoka na masazo yake. Glavu na miwani ni lazima.

Tindikali ndiyo chupa niipendayo. Kila upande uloweke dakika 20 au zaidi, jumla isizidi saa mbili, na usiiache ikaukie ndani. Legeza kizibo kila baada ya dakika chache, kwa sababu inapokula chuma hutoa haidrojeni, nayo inawaka. Ikifanya kazi vizuri utaona ukuta wa kijivu wenye vumbi jepesi, mkwaruzo kidogo ukigusa. Hiyo ni fosfati, na rangi hung'ang'ania hapo. Sehemu ambazo bati la zamani bado linang'aa hazishiki sawasawa, na ndizo hubanduka kwanza.

Sasa ukavu. Ukishasuuza, kutu jipya la rangi ya chungwa huanza kujitokeza baada ya dakika chache tu, kwa hiyo watu hukimbilia kupaka. Usikimbilie. Rangi hii huganda kwa unyevu wa hewa. Ikikutana na tone la maji hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, ikafanya mapovu, na kila povu ni mahali pa kubandukia. Maji hujificha kwenye mishono ya tangi na ndani ya paipu. Puliza hewa ya vuguvugu hadi bati lenyewe lipate joto, kisha funga mdomo kwa nailoni angavu na uweke tangi juani. Nailoni ikishika ukungu kwa ndani, rudi kupuliza. Kutu jepesi la juu juu haliharibu kitu; maji yanaharibu.

Rangi koroga kwa kijiti, usilitikise kopo, utaingiza hewa. Mimina yote, geuza tangi polepole pande zote, kisha mwaga iliyozidi. Baada ya nusu saa mwaga tena. Dimbwi linalobaki kwenye kona huganda juu tu, chini hubaki bichi, na petroli italifumua. Papo hapo puliza paipu ya kutoa mafuta na ya kupumulia, la sivyo utazitoboa baadaye kwa waya huku unalaani. Iliyozidi usiirudishe koponi. Subiri saa 96 tangi likiwa wazi, na zaidi penye baridi. Ikikugusa ngozi, itabaki hadi ngozi yenyewe ijimenye.

Kosa ambalo karatasi hailitaji kabisa: rangi ikifunika ukingo ambao senda hukaa, senda inakosa arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Kwenye C10 senda husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likiwa limejaa, kwa hiyo arthi ikikatika sindano hupanda kupita alama ya kujaa na kubaki huko. Kwangua ukingo hadi chuma kionekane, au vuta waya wa arthi kutoka senda hadi kwenye bodi.

Kuhusu matundu: rangi inaziba yale ya ukubwa wa ncha ya sindano. Mshono uliopasuka haitibu, mtetemo wa gari utaufungua tena. Chini ya tangi pakiwa pamelika hadi panabonyea kwa kidole, acha seti. Kwa C10 matangi mapya yaliyotengenezwa kwa kuiga yale ya asili yanapatikana.

Weka filta ya kuonyesha ndani kati ya tangi na pampu, na badilisha mipira yote ya mafuta. Vumbi la kahawia kwenye filta ni kutu lililosalia kwenye paipu, na litaisha. Magamba ya fedha ni rangi inayobanduka: shusha tangi kabla hayajafika kwenye jeti (vitundu vidogo vya kupitisha mafuta) za kabureta.