Redio ya kubadilishia kwenye Toyota ya mtumba: nilivyoziona

Kwa Toyota zinazotoka Japani, kama IST, Premio na Probox, redio iliyonitosheleza ni dabo din (ya kimo cha milimita 100 hivi) ya Pioneer au Kenwood isiyo na mlango wa CD, yenye USB na Bluetooth, isiyo ya Android. Haina mbwembwe, ila inawaka ukigeuza ufunguo na inashika stesheni.

Redio ya Kijapani kwa kawaida huishia 90 MHz kwa FM, ikianzia 76. Pale Dar es Salaam Clouds FM (88.5) na Wasafi FM (88.9) zinaingia, mnunuzi anaridhika, kisha anaitafuta EFM kwenye 93.7 haioni. Hapo atauziwa kijiboksi cha kuongeza FM kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Sikishauri. Kinachofanya ni kushusha masafa tu, na redio yenyewe ina nafasi ya MHz 14, wakati FM yetu, 87.5 hadi 108, inahitaji 20.5. Lazima stesheni nyingine zibaki nje, na mikwaruzo juu yake.

Kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya eneo la FM. Ikiwa kwenye Marekani, redio huruka kwa 0.2 na kutua kwenye desimali za witiri tu, kwa hiyo Capital FM ya Nairobi, 98.4, utaipata kwa mbali kwenye 98.3 au 98.5. Weka Ulaya. Redio nyingi za Android hufika zikiwa zimepangwa vibaya hapo, na watu hulaumu antena.

Maandishi ya "50W x 4" usoni ni nguvu ya kilele, ya mara moja moja tu. Pioneer wenyewe huandika wati 22 za kuendelea kwa kila spika, na hizo zinatosha spika za mlangoni. Redio isiyo na jina inayodai 60W huku fyuzi yake ni ya ampea 10, piga hesabu mwenyewe: volti 12 mara 10 ni wati 120 kwa spika zote nne, kabla ya kinachopotea kama joto.

Ufungaji ndio unaoua redio nyingi. Nunua soketi ya Toyota ya pini 10 na pini 6, usikubali fundi akate waya za gari. Waya wa njano wa redio ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo. Zikibadilishana, redio husahau saa na stesheni kila ukizima gari. Zikiunganishwa zote kwenye umeme wa kudumu, haizimiki na ufunguo na betri inaliwa usiku. Waya hasi za spika zisiguse bodi ya gari wala zisifungwe pamoja: amplifaya ya ndani haitumii bodi kama hasi, na ukizigusisha itajizima au itaungua. Kama antena ya gari ni ya kwenye kioo na ina kikuza mawimbi, peleka waya wa bluu kwake, bila hivyo FM itakuwa hafifu hata kwa redio ghali.

Nafasi ya Toyota ni milimita 200 kwa 100, redio ya kawaida ni 178 kwa 100, hivyo hubaki pengo la milimita 11 kila upande. Vipande vya plastiki vya kuziba vipo madukani. Tumia skrubu fupi za M5. Ndefu huingia ndani na kugusa saketi za redio.

Ukiitaka Android kwa sababu ya ramani na kamera ya nyuma, sikukatazi, lakini RAM isipungue GB 2, na uiangalie kwa programu ya CPU-Z, maana ukurasa wa mipangilio huandikwa chochote. Tatizo lake kubwa ni usingizi: ukizima gari haizimiki kabisa, husinzia tu huku ikiendelea kula betri. Zima gari, subiri dakika 10, kisha pima kwa multimeta kwenye waya wa njano, mita ikiwa imeunganishwa kwa mfululizo, yaani umeme wa waya huo upite ndani ya mita. Redio ya kawaida inapaswa kusoma miliampea chache. Ukikuta 200, betri ya Ah 45 inafika nusu kwa siku nne na nusu hivi, na irudishe ungali na risiti.