libvips: picha 1,200 za harusi na kori tatu zilizokaa bure

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo nina programu ambayo ninyi mnaopiga picha za harusi na sendoff mnaihitaji sana, na wengi hamjawahi kuisikia. Inaitwa libvips, na kazi yake ni kushughulikia picha, kama kuzipunguza ukubwa. Ni ya bure kabisa.

Kwanza tazameni hapa. Hii laptopu ina prosesa ya kori nne, yaani sehemu nne ambazo kila moja inaweza kufanya kazi yake peke yake. Pembeni nimefungua htop, programu inayoonyesha kila kori inavyofanya kazi. Ile mistari minne ya juu ndiyo kori zenyewe. Sasa napunguza ukubwa wa picha 1,200 za harusi kwa programu niliyoizoea. Mnaona? Mstari mmoja umejaa mpaka mwisho, mitatu mitupu. Ni kama umeita vibarua wanne, mmoja anabeba zege na watatu wamekaa kivulini, na wote umewalipa. Huku shangazi wa bibi harusi anapiga simu: mwanangu, picha ziko wapi?

libvips haikuzaliwa harusini. Ilianza karibu na mwaka 1990 kwenye mradi wa Ulaya ulioitwa VASARI, ambao National Gallery ya London ilishiriki. Walitaka kuhifadhi michoro ya kale kwa picha kubwa mno, ambazo kompyuta za wakati ule hazikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya kuzibeba. Kwa hiyo programu hii haihitaji kushika picha nzima. Inaichukua vipande vipande: kila uzi wa kazi (thread, mkondo mmoja wa kazi unaoendeshwa na kori) unabeba kipande chake, unakipitisha hatua zote, kisha unarudi kuchukua kingine. Pigeni hesabu wenyewe. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, baiti tatu kila pikseli, ikifunguka ni megabaiti 72. Ukiishika nzima, ukashika na nakala yake ya kila hatua, RAM inakwisha unaiona.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri. Faili la JPEG limebanwa kwa mfululizo. Kwa kawaida huwezi kusoma katikati yake kabla hujapita mwanzo. Kulifungua ni kazi ya kori moja, hata uwe na nane. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alilisema jambo hili tangu 1967: kama kazi ni ya dakika 10, na dakika 4 kati ya hizo hazigawanyiki, ongeza kori mpaka uchoke, chini ya dakika 4 hushuki.

Dawa yake, kwa picha za harusi, usigawe picha. Gawa mafaili. Mimi natumia Ubuntu, aina ya Linux, nikaweka libvips-tools, yenye amri ya vipsthumbnail ya kupunguza picha. Natengeneza folda inayoitwa ndogo, halafu kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, naandika hivi:

export VIPS_CONCURRENCY=1
ls *.jpg | xargs -P 4 -n 20 vipsthumbnail --size 1600 -o ndogo/%s.jpg

Ile -P 4 inaita wafanyakazi wanne kwa pamoja. Ile -n 20 inampa kila mmoja picha ishirini ishirini. Ukiisahau, mmoja anaweza kubebeshwa mzigo wote na umerudi kulekule. Mstari wa kwanza unamwambia kila mmoja atumie uzi mmoja tu, wasigombanie kori. Sasa angalia htop. Yote minne imejaa! Hapa ndipo moyo wangu unapofurahi, kwa kweli.

Na kuna kitu kingine nimekipenda. Ukitaka picha ndogo, vipsthumbnail hailifungui faili kwa ukubwa wake wote. JPEG inaruhusu kufunguliwa kwa nusu, robo au moja ya nane. Kwa nusu, badala ya pikseli milioni 24 unashughulika na milioni 6.

Kasoro ipo. Hakuna vitufe vya kubofya, ni terminali tu, na anayetaka kurekebisha rangi ya ngozi picha moja moja hapa si mahali pake. Tena kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, wafanyakazi wanne wataivuta huku na huku na kori zitabaki zinasubiri. Kwa diski ya namna hiyo anza na -P 2, uangalie mistari, ndipo uongeze.