Zimeandikwa zinaoza: nimezitia kwenye maji ya bahari

Hamjambo nyote, karibuni. Hapa mezani nina mfuko wa kuwekea takataka, kikombe cha kahawa ya kubeba, mrija wa karatasi, mswaki wa mwanzi na pakiti ya vile vitambaa vyenye majimaji vya kumpangusia mtoto. Vyote nimevinunua hapa Nairobi, na kila kimoja kimeandikwa mahali fulani kwamba kinaoza chenyewe. Majina ya kampuni sitayataja. Ninachopima leo ni ile ahadi iliyo kwenye lebo, na utaikuta kwenye bidhaa nyingi za aina hii.

Swali ni moja tu: zikifika baharini, zinaoza?

Najua kuna atakayeuliza, bahari na Nairobi wapi na wapi? Fuata maji. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi huko chini unaitwa Galana, mbele zaidi unaitwa Sabaki, na Sabaki unamwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kikombe kilichotupwa mtaroni Gikomba, masika ikipiga sawasawa, njia ya kwenda pwani kinayo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini, na tofauti mitaani tunaiona. Lakini kila panapoondolewa kitu, kuna kingine kinauzwa badala yake, na hicho kingine nacho kinastahili kuchunguzwa.

Sasa nilivyopima. Maji yametoka Mombasa kwa jerikeni, yakapanda basi la usiku. Sikuyachemsha, na hilo ni muhimu sana, kwa sababu kazi ya kuozesha inafanywa na bakteria walio ndani ya maji. Ukichukua maji ya mfereji ukayatia chumvi ya jikoni, hata ukifikisha zile gramu 35 hivi kwa lita kama baharini, utakuwa na maji ya chumvi yasiyo na mlaji. Bidhaa nimezikata vipande, isipokuwa mfuko na kikombe nilivyoviacha vizima, nikavikausha vyote, nikavipima kwenye mizani, kisha kila aina kwenye mtungi wake wa glasi. Kuna pampu ndogo ya tangi la samaki inayopuliza hewa, na mitungi yote iko ndani ya kasha lenye balbu, maana nyumba za Nairobi ni baridi kuliko maji ya pwani.

Mtungi huu wa mwisho una pamba tupu na karatasi ya kaki. Huu ndio wa kulinganishia. Pamba isipooza, ujue maji yamekufa na mengine yote hapa hayana maana. Maabara nazo hufanya hivyo: kwenye kipimo kinachoitwa ASTM D6691, selulosi huwekwa kando kama shahidi, maji yanashikiliwa kwenye nyuzi 30 hivi, na wanapima hewa ya ukaa inayotoka. Wanapima hewa kwa sababu kitu kinaweza kupotea machoni kumbe kimesagika tu vipande vidogo. Kikiliwa kweli na bakteria, kaboni yake inatoka kama hewa. Mimi mashine hiyo sina. Kwa hiyo mizani yangu inaweza kuwaonyesha kitu ambacho hakijaoza. Kusema kimeoza chote ni kazi ya maabara.

Miezi imepita. Tufungue.

Shahidi kwanza. Tazameni pamba: naiinua kwa kibano na inakatika kabla haijatoka majini. Karatasi ya kaki imekuwa uji. Maji yako hai, tuendelee.

Mrija wa karatasi: umelegea, umefumuka, sina neno nao. Mswaki: mpini wa mwanzi umeanza kuwa mweusi na kulainika, utachukua muda lakini safari umeianza. Nywele zake ni nailoni, ziko vile vile. Ukimaliza kuutumia, zing'oe hizo nywele kabla hujautupa.

Vitambaa vya mtoto vimenisikitisha. Sehemu laini imeondoka, umebaki wavu huu. Nimeukausha, sasa nauwasha kwa kiberiti. Mmeona? Haukuacha jivu kama karatasi. Umejikunja, umeyeyuka, umebaki tone gumu jeusi. Hiyo ni plastiki iliyofumwa pamoja na nyuzi za mmea, na mzazi aliyesoma lebo hana namna ya kujua.

Kikombe nataka mkione kwa karibu. Karatasi ya nje inabanduka yenyewe, lakini ndani kuna hiki: utando unaopitisha mwanga, mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai, na bado una umbo la kikombe hadi ule mkunjo wa chini. Nauvuta, haukatiki. Lebo inasema umetokana na mahindi, na inawezekana kabisa ni kweli. Plastiki ya aina hii, PLA, hutengenezwa kwa sukari ya mimea. Lakini ili ioze inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi, unyevu, na vijidudu wengi. Bahari ya Mombasa haifiki huko hata siku ya jua kali, na kwenye vilindi maji yana nyuzi 4 hivi. Kutoka kwenye mmea hakukifanyi kitu kioze popote kinapoangukia, na hapa ndipo wanunuzi wengi wenye nia njema wanapopotezwa.

Mfuko wa takataka sasa. Uzani wake haujabadilika. Nauosha, natia pakiti mbili za unga wa ugali, nanyanyua. Unabeba! Na jambo hili limeshaonekana kwa watafiti: mwaka 2019 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha matokeo ya mifuko iliyokaa miaka 3 baharini na ardhini. Ule ulioandikwa unaoza bado ulibeba bidhaa. Mwingine, ulioandikwa kuwa unaoza kwenye mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini ardhini ulikuwepo hata baada ya miezi 27. Mfuko ule ule, mahali tofauti, jibu tofauti.

Kuna pia mifuko iliyotiwa kemikali ili ikatike juani. Hiyo inageuka chembechembe za plastiki ambazo samaki anazimeza, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kupitia sheria yake ya mwaka 2019. Mimi sinunui.

Kwa hiyo dukani ulizeni mambo matatu: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani. Lebo isiyojibu, irudisheni rafuni. Ipo alama ya TÜV Austria, shirika la kupima na kuthibitisha bidhaa, iitwayo OK biodegradable MARINE, na sharti lake ni asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miezi 6 kwenye maji ya bahari. Plastiki za kundi la PHA, zinazotengenezwa na bakteria wenyewe, zinaweza kufaulu hapo. PLA ya kikombe hiki haiwezi. Mimi kahawa nanunua kwa kikombe changu cha bati, na muuzaji wangu ameshazoea.

Walio Mombasa, Kilifi na Lamu, nina ombi. Fungeni vipande kwenye wavu imara, mviningʼinize gatini penye ruhusa, na mvitoe vyote mkimaliza. Wekeni na kipande cha pamba kando. Kisha niandikieni hapo chini, mwanzo wake na mwisho wake, tulinganishe na mitungi hii.