Linux Mint 22 Xfce kwa kompyuta ya zamani

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine zisizo na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama cha kompyuta). Kumlazimisha mtu atupe kompyuta nzima ni kumdhulumu mali yake. Badala yake kuna Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows. Toleo lake la 22 lenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini, linatosheka na RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, ingawa ukifungua tabo nyingi utataka GB 4. Masasisho yapo hadi 2029.

Pakua ISO (faili la kusakinishia mfumo), hakiki kwa amri ya sha256sum kwamba halijaharibika, liandike kwenye flashi ya GB 8, kisha ujaribu mfumo kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote.

Usumbufu mkubwa ni Wi-Fi ya Broadcom: mara nyingi haionekani mpaka usakinishe draiva, yaani programu inayoendesha kifaa hicho. Unganisha simu kwa waya wa USB, gawa intaneti, kisha fungua Driver Manager ya Mint uisakinishe.

Mint imezuia snapd (huduma ya kusakinisha programu za aina ya snap) makusudi, kwa kuwa duka la snap linadhibitiwa na Canonical, kampuni ya Ubuntu, peke yake. Naunga mkono kabisa. Mwenye kompyuta ndiye aamue programu zitoke wapi.

Washa Timeshift, programu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, mapema. Kwa kawaida huhifadhi mfumo tu, kwa hiyo nakili nyaraka na picha kwenye diski nyingine.