Uzoefu wangu: kutoka Dublin hadi Galway, basi au treni?

Huu ni mwaka wangu wa tatu Galway, mji wa pwani ya magharibi ya Ireland, na kwenda Dublin nimekwenda mara zisizohesabika. Ni mwendo wa kilomita 200 hivi. Ndege za abiria ziliacha kutua Galway mwaka 2011, kwa hiyo mgeni wako atashukia Dublin, au uwanja wa ndege wa Shannon, ambako basi namba 51 hupita likielekea huku.

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Mombasa, nilimpokea Dublin tukapanda basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Kampuni za Citylink na GoBus zote zina safari hizo. Kwa mwenye mizigo, sioni njia nyingine ya kuishinda hii. Treni haifiki uwanja wa ndege. Ni lazima kwanza uingie mjini, uitafute stesheni ya Heuston, huku unaburura masanduku. Mtu mzima ametoka kukesha angani, utamtesaje hivyo? Dereva alitupangia mizigo kwenye buti, mama akakaa dirishani, akajifunika leso yake, na hata Dublin hatujaimaliza usingizi ulikuwa umeshamchukua. Baada ya mwendo wa saa mbili na nusu hivi tukashuka Galway, hatua chache kutoka Eyre Square, katikati ya mji.

Ila kateni tiketi mapema jamani. Ijumaa moja jioni nilikwenda kituoni hapo Dublin mikono mitupu. Waliokata mtandaoni waliingia kwanza, basi likajaa, nami nikabaki kandokando ya barabara na mvua ile ya kunyunya isiyokatika, nikingoja linalofuata.

Kurudi, mama alitaka aone nchi, basi nikamkatia treni. Muda ni karibu uleule, lakini raha ni tofauti kabisa: unanyoosha miguu, meza ipo mbele yako, choo kipo. Ukikata mtandaoni siku kadhaa kabla, nauli hushuka sana na unachagua kiti. Jina la abiria huandikwa kwa taa juu ya kiti chake. Mama alipoliona lake alisimama akalisoma herufi kwa herufi, akaniambia nimpige picha chini yake kabla hajakaa. Treni ikiondoka tu hupita juu ya Lough Atalia, mkono wa bahari unaoingia mjini. Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba na mwani viko nje, naye akasema, "Hii ni kama kwetu, baridi tu." Athlone tukauvuka mto Shannon. Kufika Heuston, tramu ya laini nyekundu iko mlangoni, inakupeleka katikati ya jiji.

Gari la kukodi sikushauri kama safari yako ni ya mjini tu, kwa maana foleni za Galway asubuhi na jioni zinachosha.

Ukipata siku ya ziada, nenda visiwa vya Aran. Basi hukupeleka hadi bandari ya Rossaveel, kisha feri hadi Inis Mór ni dakika 40 hivi. Siku yetu bahari ilichafuka kidogo. Mimi nilishika chuma kwa mikono miwili. Mama, mtoto wa pwani, alikaa nje na leso yake kichwani mpaka tukatia nanga.