Gati la kuelea la maboksi ya plastiki: nilivyoliona

Maboksi yenyewe sina neno nayo. Ni plastiki ngumu, sentimita 50 kwa 50, kimo 40, manne kwa kila mita ya mraba. Muuzaji atakwambia mita hiyo inabeba kilo 350. Ni kweli, ila kwa mzigo huo maji yanakulamba nyayo. Mimi hupiga hesabu kwa nusu yake.

Kuunganisha ni kazi ya watu wawili. Kila kona ya boksi ina sikio, yaani kipande kilichochomoza chenye tundu, na masikio ya maboksi manne yanapandana kwa ngazi nne, la chini kwanza. Ukikosea mpangilio, boksi la nne haliingii, unafumua upya. Yakishapandana, pini inashushwa tunduni na kuzungushwa kwa ufunguo wake hadi ilale sawa na sakafu. Pembeni masikio hukutana mawili tu, kwa hiyo jaza pengo kwa washa, yaani vipete vya kujazia. Usipojaza, pini inacheza na kula tundu.

Tabu iko kwenye nanga, na kijitabu cha maelekezo kimeipa mistari miwili tu! Zege la kilo 100 likizama linabaki na uzito wa kama kilo 58, basi usinunue kwa kipimo cha nchi kavu. Minyororo ipishane chini ya gati, wa kona ya kushoto uende kulia, ili gati lisiyumbe ubavuni. Urefu wake upime maji ya bamvu, yale yanayojaa kuliko siku zote, yakiwa yamejaa kabisa. Aliyepima maji mafu, yanayojaa kidogo tu, atakuta kona imevutwa chini, maboksi yamelala upande.

Daraja la kushukia lifungwe bawaba upande wa nchi kavu tu. Upande wa gati liwe na magurudumu, yatembee juu ya bamba la chuma. Ukikaza ncha zote mbili, maji yakipwa kitu kitang'oka. Chini ya ncha ya magurudumu weka safu mbili za maboksi, maana uzito wa daraja upande wa gati unaangukia hapo.

Kamba ya boti usiifunge kwenye boksi moja. Laza ubao juu ya matatu, kishikio cha kamba kikae juu yake. Dafrao, yaani mito ya kuzuia boti isigonge gati, ni lazima.

Baada ya mwezi wa kwanza kaza pini zote. Boksi likianza kuzama peke yake, kagua kwanza mpira wa kizibo cha ubavuni. Mara nyingi ni mchanga ulioingia hapo.